Mzao wa Watumwa Aliyetufundisha Ungwana



Tarehe 7 Februari 2025 alifariki dunia mzee mmoja wa Kenya, Leonard Mambo Mbotela, akiwa na umri wa miaka 84. Kazi yake ilikuwa kutangaza katika redio. Vijana wengi wa Lushoto huenda hawalijui jina hilo. Waulizeni wazazi wenu na babu zenu, hasa wale waliokuwa na redio zamani. Milima yetu ya Usambara imepakana na Kenya, na mawimbi ya redio hayaonyeshi hati mpakani. Usiku, mawimbi ya kati yanaposafiri mbali zaidi kuliko mchana, mtu wa Mlalo au wa Mtae aliweza kuzungusha redio yake polepole mpaka akaipata Sauti ya Kenya, na humo akamsikia Mambo Mbotela.

Pengine utasema, "Ewe mwandishi, watangazaji ni wengi, na sisi tuna wetu. Ya nini kutuletea habari za mtu wa nchi jirani?" Swali lako ni la haki, nami nitalijibu. Ukoo wa mtu huyu ulianza katika umaskini ambao hata maskini wa kijiji chetu hajauona. Babu zake walikuwa watumwa. Naye, mzao wa watumwa, kwa zaidi ya miaka 50 alikaa mbele ya kipaza sauti akiwauliza watu wa nchi nzima, wakubwa kwa wadogo, swali moja tu: "Je, huu ni ungwana?" Leo nataka tulitazame swali hilo, maana linatuhusu sisi watu wa milimani kuliko tunavyodhani.

NENO LENYEWE

Siku hizi tukisema fulani ni mwungwana, tuna maana ya mtu mwenye adabu, asiyepayuka, anayeshika ahadi yake. Lakini zamani huko pwani neno hili lilikuwa na maana nyingine. Mwungwana alikuwa mtu huru, aliyezaliwa na watu huru, mwenye ukoo unaojulikana. Kinyume chake alikuwa mtumwa. Basi mtumwa hata akiwa mkweli, hata akiwa mpole, hata akiwa na adabu kuliko bwana wake mara kumi, hakuitwa mwungwana. Na bwana wake hata akiwa mlevi na mwongo, jina la ungwana halikumtoka. Ungwana ulihesabiwa kwa damu. Matendo hayakuulizwa.

Waswahili wenyewe waliona kwamba hesabu hiyo ina kasoro, ndiyo maana tunayo methali isemayo: Ungwana ni kitendo. Lakini methali ni jambo moja, na maisha ni jambo jingine. Mtu aliyetoka utumwani aliendelea kunyoshewa kidole kwa ajili ya asili yake, na watoto wake pia, hata baada ya minyororo kuondoka.

MAZINDE NA PANGANI

Msidhani ya kuwa haya ni mambo ya mbali. Mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliyeitawala Usambara kutoka Vuga, alifariki mwaka 1862. Baada ya kifo chake watu wa jamaa yake waligombania nchi. Semboja, mmoja wa wanawe, alikuwa amekaa Mazinde, chini penye njia ya misafara, ambako aliweza kufanya biashara na watu wa pwani na kupata bunduki na baruti. Na bunduki zile zililipwa kwa watu. Katika vita hivyo Washambaa wengi pamoja na majirani zao walitekwa, wakapelekwa Pangani, na kutoka huko wakauzwa ng'ambo ya bahari.

Ninyi mnaoteremka leo kwa basi kutoka Soni hadi Mombo kupeleka viazi na kabichi, mkifika bondeni mnakaribia njia ile ile. Watoto wa milima hii walipita huko kwa miguu, nao hawakurudi. Kwa hiyo mtu akituambia habari za watumwa, asituambie kama habari za wageni. Nani ajuaye ni nani wa damu yetu aliyezaa watoto Pemba au Uarabuni, nao hawajui kwamba asili yao ni Usambara?

KENGELE YA FRERETOWN

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Walakini majahazi yaliendelea kuchukua watu kwa siri, na manowari za Kiingereza zikawa zinayakamata baharini. Likatokea swali: Hawa waliookolewa wapelekwe wapi? Kwao ni mbali, vijiji vyao vimechomwa, na wengine walichukuliwa wadogo hata hawakumbuki njia. Wamisionari wa Kianglikana wakatengeneza makazi upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Mombasa, wakayaita Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyeshughulikia mkataba ule. Pakawekwa kengele ya kuwaonya watu wakati wa hatari, watekaji wasije wakawakamata tena. Kengele ile ingali ikikumbukwa: mahali pale hata leo panaitwa Kengeleni.

Sisi Wakatoliki tunayo kumbukumbu kama hiyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na huko nao wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Imani yetu katika nchi hii ilianza pamoja na watu wa namna hiyo. Wa kwanza kupiga ishara ya msalaba kati yetu hawakuwa wana wa wafalme. Walikuwa watoto walionunuliwa sokoni.

Miongoni mwa waliofikishwa Freretown walikuwa mababu wa Mbotela, Wayao waliochukuliwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Hebu fikiri, msomaji, umaskini wao ulikuwaje. Maskini wa kwetu hata asipokuwa na senti moja, ana kipande cha shamba la baba yake. Ana mjomba wa kumwendea. Anajua kaburi la babu yake liko chini ya mti gani. Mtu wa Freretown hakuwa na shamba la ukoo, hakuwa na mjomba, hakuwa na kaburi la kuonyesha. Alikuwa na mikono yake miwili tu. Alichopewa ni uhuru, kazi na shule.

Mtu mmoja wa ukoo huo, James Mbotela, aliishika shule kwa nguvu. Mwaka 1934 kilitolewa kitabu alichokiandika kwa Kiswahili, Uhuru wa Watumwa. Humo alieleza jinsi watu walivyotekwa, walivyouzwa na walivyokombolewa. Tazama ujasiri wa mtu huyu. Angaliweza kuificha asili yake. Angaliweza kujitungia ukoo wa heshima, kama wengine wanavyofanya wakipata nafasi. Badala yake aliliweka jambo lile mbele ya watu wote, tena katika maandishi, ili mtoto asomaye ajue. Aibu ya utumwa ni ya yule aliyemwuza mwenzake, wala si ya yule aliyeuzwa. James Mbotela alilijua hilo, ndiyo maana kalamu yake haikutetemeka.

KUTOKA KITABU HADI REDIO

Leonard Mambo Mbotela alikuwa mtu wa ukoo huo huo. Alizaliwa mwaka 1940. Hakurithi mashamba wala majumba ya kifahari. Alirithi nyumba yenye kitabu ndani yake, na Kiswahili safi, na kumbukumbu ya mahali ukoo ulipotoka. Alianza kazi katika magazeti. Kenya ilipata uhuru wake Desemba 1963, na mwaka uliofuata, 1964, yeye akaingia Sauti ya Kenya.

Watu wengine hudhani kazi ya redio ni kuongea tu. Wanasema, "Mtu analipwa kwa mdomo wake!" Si hivyo. Mwalimu anawaona wanafunzi wake, na padre anawaona waumini wake, wakisinzia, anajua. Mtangazaji hamwoni mtu. Yuko peke yake chumbani, naye inampasa aseme na mama anayechambua maharage, na mzee aliyelala kitandani mgonjwa, na dereva aliye njiani, wote kwa wakati mmoja, na kila mmoja aone kwamba ameambiwa yeye. Akiharakisha, hawamfuati. Akikosea jina la mtu, amemvunjia heshima. Na katika kutangaza mpira, kazi ambayo Mbotela alisifiwa sana kwayo, mtangazaji ndiye macho ya watu. Yuko mkulima ambaye maisha yake yote hajaingia katika uwanja mkubwa wa mpira. Lakini Jumamosi jioni amekaa barazani kwake anauona mchezo kwa masikio.

Mwaka 1966 ndipo alipoanza kile kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" Kilikuwa kipindi kifupi. Alichukua jambo moja dogo la maisha ya kila siku, jambo ambalo watu hulifanya bila kufikiri, akalisimulia kwa upole na kwa kuchekesha kidogo, kisha akamwachia msikilizaji swali lile. Hakumtaja mtu kwa jina. Hakutukana. Hakutoa hukumu. Aliuliza tu, akanyamaza. Na kila mtu aliyekuwa na hatia akajicheka kimoyomoyo na kujiuliza, "Kumbe amenionaje huyu?"

Sasa, msomaji wangu, rudi kwenye maana ya kale ya neno lile, ndipo utakapoona uzito wa jambo hili. Katika pwani ile ile ambako babu zake hawakuweza kuitwa waungwana hata wangefanya mema yote ya dunia, mzao wao amekuwa mwalimu wa ungwana. Mawaziri walimsikiliza, wafanyabiashara walimsikiliza, na wale waliojivunia damu yao walimsikiliza. Hakuna aliyesema, "Wewe ni nani hata utuulize habari za ungwana?" Ile methali ya kwamba ungwana ni kitendo, katika mtu huyu ilipata mwili.

ASUBUHI YA BUNDUKI

Msije mkadhani kwamba mafanikio yake yalikuwa njia tambarare. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Walitaka taifa liamini maneno yao, na walijua ni sauti gani watu huiamini. Wakaenda nyumbani kwa Mbotela, wakamtoa na kumpeleka penye mitambo ya redio, wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Mbele yake palikuwa na karatasi, na kando yake palikuwa na bunduki. Akasoma.

Siku ile ile askari waliokuwa upande wa serikali waliikomboa redio, na sauti ile ile ikatangaza kwamba serikali ya Rais Moi imerudi. Baada ya hapo aliendelea na kazi yake kwa miaka mingi.

Mimi nikilifikiri jambo hili naona fundisho moja. Mtu akiinuka kutoka chini hadi juu, mali yake kubwa si mshahara wala jina. Ni ile imani ambayo watu wanayo kwake. Askari wale walikuwa na bunduki, lakini walihitaji sauti ya mtu mmoja asiye na silaha, kwa kuwa sauti ile ilijulikana kuwa ya kweli. Imani ya namna hiyo hainunuliwi. Hukusanywa kidogo kidogo, neno kwa neno, mwaka kwa mwaka.

NA SISI JE?

Haya, tumemsifu mtu wa Kenya. Sasa tugeuze uso, tujitazame wenyewe, maana gazeti hili halichapwi kwa ajili ya kuwasifu majirani.

Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Zimepita zaidi ya miaka 100. Lakini niambieni, ninyi wazazi wa Lushoto na Bumbuli, ni watoto wangapi wa vijiji vyetu wanaoshuka mlimani kila mwaka kwenda kufanya kazi katika nyumba za watu, Tanga, Arusha, Dar es Salaam? Mtu hufika kijijini akiwa amevaa vizuri. Labda ni mtu tunayemfahamu, mwenye maneno matamu. Anamwambia mama, "Nipe huyu binti, nitamtafutia nyumba nzuri. Atasaidia kazi kidogo, na huko watamsomesha." Mama anatazama chakula kilichobaki ndani, anawatazama wadogo wa binti huyo, anakubali. Siku ya tatu mtoto yuko kwenye basi. Baada ya mwezi simu inaita bila kupokewa. Baada ya mwaka hakuna ajuaye anakaa mtaa gani.

Sisemi kwamba kila kazi ya nyumbani ni utumwa. La, hasha! Kazi ya nyumbani ni kazi halali, na wako mabwana na mabibi wema wanaowatunza wasichana wa kazi kama watoto wao, wakawalipa haki yao na kuwafundisha ufundi. Mungu awabariki. Lakini mtoto anayeamka kabla ya watu wote na kulala baada ya watu wote, asiyelipwa, asiyeruhusiwa kwenda Misa wala kusema na mama yake kwa simu, anayeitwa kwa jina lisilo lake, huyo yuko wapi? Je, huu ni ungwana?

Tuendelee kuuliza kama alivyouliza mzee yule.

Mtu ametoka katika kijiji chetu, amesoma, amepata cheo mjini, amejenga. Amechukua mtoto wa ndugu yake maskini ati amlee. Watoto wake wanakwenda shule asubuhi wamevaa viatu, na mtoto wa ndugu yake anabaki kufua nguo zao. Je, huu ni ungwana?

Baba amepewa fedha kidogo na yule mtu aliyemchukua binti, akaziita "asante". Akanunua alichonunua. Binti akipiga simu akilia kwamba anapigwa, baba anamwambia, "Vumilia, usinitie aibu." Je, huu ni ungwana?

Na hapa kijijini, mko watu wazima mnaowaita wengine "watu wa kuja", au mnaomcheka mtoto kwa sababu baba yake hajulikani. Mtoto anaposimama kusoma somo kanisani, mnanong'ona, "Huyu naye, wa nyumba ile!" Kumbe yule mtoto anasoma vizuri kuliko watoto wenu. Je, huu ni ungwana?

Mtume Paulo alipomwandikia Filemoni barua juu ya Onesimo, mtumwa aliyekimbia, alimwomba ampokee kama ndugu, hata kana kwamba anampokea Paulo mwenyewe. Barua ile ni fupi kuliko barua zake zote, lakini ingetosha kuitengeneza nyumba nyingi. Ewe bibi wa nyumba, ukimpokea binti kutoka Usambara mlangoni kwako, unampokea nani?

MAMBO YA KUFANYA

Haifai kuuliza tu bila kusaidiana. Basi nawaombeni mzingatie haya.

Kwanza, shule. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 mpaka kidato cha sita. Najua sare, madaftari na chakula bado ni mzigo kwa mtu wa shamba dogo. Lakini mzigo wa daftari unabebeka. Ukoo wa Mbotela ulitoka sokoni kwa watumwa ukafika kwenye kipaza sauti cha taifa, na ngazi yake ilikuwa kusoma na kuandika. Haukupanda kwa siku moja. Mmoja alipata uhuru, mwingine akaandika kitabu, mwingine akatangaza. Kama wewe hukusoma, usikate tamaa. Huenda wewe ndiwe ngazi ya kwanza, na mjukuu wako ndiye atakayefika juu. Lakini ukiiondoa ngazi ya kwanza, yeye atakanyaga wapi?

Pili, sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwamba mtoto asiyetimiza miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Hata akitimiza, haruhusiwi kupewa kazi ya kumwumiza au ya kumnyima masomo. Tena iko Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara ya kusafirisha binadamu. Yeye anayewadanganya wazazi na kumchukua mtoto akamtumikishe, mbele ya sheria ni mhalifu, hata akiwa ni shangazi.

Tatu, kama kijana wako amekwisha kuwa mtu mzima na anataka kwenda kufanya kazi mjini, mwache aende, lakini asiende kama mzigo usio na anwani. Andikeni jina la mwenye nyumba, mtaa, namba ya simu na mshahara mliopatana. Mpelekeeni mtendaji wa kijiji nakala moja. Waambieni katekista na viongozi wa jumuiya yenu ndogo ndogo, ili paroko aweze kuwaandikia wenzake wa parokia ya huko mjini. Mtu mwema hatakasirika akiulizwa anwani yake. Yule atakayekasirika, mmekwisha kumjua.

Nne, nyumbani kwenu. Jioni mkisha kula, mpeni mtoto mmoja gazeti hili asome kwa sauti, na wengine wasikilize. Akikosea, mrekebisheni bila kumcheka. Mfundisheni kutamka neno mpaka mwisho wake, na kuwatazama watu anaposema. Mnaposikiliza habari za redio, mwulizeni mtoto amesikia nini. Sisemi kwamba kila mtoto atakuwa mtangazaji. Lakini mtoto aliyezoea kusema ukweli wazi wazi mbele ya baba na mama yake, siku akifikwa na ubaya hatanyamaza. Binti anayejua kusema ni vigumu kumfanya mtumwa.

NENO LA MWISHO

Mzee Mbotela alifariki tarehe 7 Februari. Kesho yake, tarehe 8, Kanisa huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita. Huyu alikuwa mtoto wa Sudani, aliyeibwa akiwa mdogo, akauzwa mara kadhaa, akapigwa na kuchanjwa mwili, mpaka jina lake la kuzaliwa likampotea. Akafikishwa Italia, na huko mwaka 1889 mahakama ikasema kwamba yeye ni mtu huru. Mwaka uliofuata alibatizwa, kisha akawa sista, akawa bawabu wa mlango wa konventi, akiwapokea watu kwa upole. Alifariki mwaka 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu. Tangu mwaka 2015 Kanisa limeifanya sikukuu yake kuwa siku ya kuwaombea watu wote wanaosafirishwa na kutumikishwa kwa hila.

Nawasihi basi, familia zote za Gare, Rangwi, Soni, Kongei na mahali pengine pote gazeti hili linapofika: mwaka huu msiipite siku hiyo hivi hivi. Kaeni pamoja, msali Rozari, na kila nyumba itaje kwa jina mtoto wake aliyeko mbali. Itajeni mitaa yao, kama mnaijua. Kama hamwijui, asubuhi yake mwanzeni kuitafuta: mpigieni simu yule aliyemchukua, mwendeni mtendaji, mwendeni paroko. Na wewe uliye na binti wa watu nyumbani kwako, mpe simu yako usiku huohuo, azungumze na mama yake faraghani, muda wote anaoutaka.

Mungu awalinde watoto wetu wote, wa hapa mlimani na walio mbali. Tuonane juma lijalo, akipenda Mungu.